Hoja ya Tatu

Jumamosi saa nane, kaunta zimefungwa,
tumekaa chumba cha kuchambulia barua,
mimi, Madeje, na kijana Chilongani wa Kongwa,
tuliochaguliwa kukagua fedha za tawi
kwa sababu, alisema mwenyekiti, hatuna maneno mengi.
Vumbi la Dodoma limepita chini ya mlango
likajipanga juu ya daftari kama mwanachama hai.

Mbili kwa mia ya mshahara wa kila mtu:
wa kaunta, wa dereva wa gari la Mpwapwa,
wa mzee Msanjila anayejua kila sanduku kwa namba
na huchanganya majina ya wajukuu wake.
Inakatwa kabla haijaonekana,
inakwenda makao makuu, inarudi imekonda,
nasi tunaitambua kwa fulana za Mei Mosi
zinazochuja rangi zikifuliwa mara ya kwanza.

Hoja ya kwanza: fulana arobaini, wanachama thelathini na mmoja.
Hoja ya pili: chai ya kikao, maandazi mia mbili,
kikao chenyewe hakikutimiza akidi.
Tukacheka. Chilongani akaandika kwa kalamu nyekundu.

Kisha vocha namba kumi na saba.
Rambirambi. Shilingi laki moja na nusu.
Mahali pa saini ya mpokeaji, peupe.
Jina la mpokeaji: Sechelela Mlewa.
Mimi.

Ajabu yetu sisi watu wa posta:
kifurushi cha mtu tusiyemjua
hakivuki kaunta bila kitambulisho na saini.
Nimewahi kumrudisha bibi mmoja hadi Hombolo
kwa sababu jina lake lilizidi herufi moja.
Lakini fedha yetu wenyewe
hupita mkono kwa mkono, kwa "si tunajuana?"
"Mali bila daftari," husema mwenyekiti kila mkutano,
na hajawahi kuimalizia; tunaitikia, tunakwenda kula.

Nikaukumbuka mkeka. Nikamkumbuka Ndahani, mweka hazina,
amevua kofia, ananipa bahasha ya kaki kwa mikono miwili
siku tuliyomzika mama, Nzuguni.
Ningehesabu vipi? Mfiwa hahesabu.
Naye angeniambia vipi, weka dole gumba hapa?

Ndahani alikuwa mlangoni, anasubiri tumalize.
Hakuuliza kitu. Alikuwa anausugua muhuri wa tarehe
kwa kitambaa, muhuri uliokwisha kutakata.
Nikaweka kalamu chini. Nikawaambia wenzangu:
hii mimi siwezi kuikagua. Niulizeni ninyi.

Sauti ya Chilongani ilitetemeka,
lakini aliuliza: ulipokea kiasi gani?

Nikaenda nyumbani, Chang'ombe, nikafungua sanduku la bati.
Daftari la msiba lilikuwa chini ya khanga za mama,
mwandiko wa Mchiwa, mpwa wangu, darasa la sita,
aliyekaa mezani siku mbili bila kulia
akiandika kila sahani ya mchele,
kila elfu moja na mia tano ya jirani.
Mtoto yule hakujuana na mtu.

"Posta: laki moja na ishirini elfu."

Nikakaa sakafuni.

Halafu mstari wa chini yake, umebanwa pembeni:
"Posta tena: mkaa nusu gunia, sukari kilo mbili, majani."

Jumatatu nikatia saini, kwa tarehe ya leo, si ya zamani;
laki na ishirini, si zaidi.
Ndahani akasema mkaa aliununua Majengo,
muuzaji hana risiti, ana kiapo tu.
Namwamini. Niliunywa mkaa ule, ndani ya chai.

Lakini ripoti si mahali pa kuamini.
Hoja ya tatu, tuliandika, inabaki wazi:
mkaa ulifika. Bei haina shahidi.